Mistari Sita ya Gatkuoth

Jumapili, 10 Machi 2013. Lodwar

Daftari hili lina picha ya mgombea aliyeanguka juzi. Aligawa madaftari kila kijiji, watu wakapokea kwa mikono miwili, wakaenda kumpigia mwingine kura. Wengi wanawashia moto. Mimi langu nimeliweka, kwa sababu mtu kama mimi, Epuyo, dereva aliyekanyaga kila changarawe kuanzia Lokori mpaka Nadapal, akifa bila kuandika chochote itakuwa hasara kwa taifa.

Shule niliacha darasa la sita, ama tuseme mimi na mwalimu tulichokana siku moja. Lakini lugha ninazo tano: Kiturkana cha mama, Kiswahili cha barabara, Kiingereza cha wageni, Kisomali cha kununulia sukari, na Kiarabu cha Juba nilichookota Lokichoggio enzi zile za ndege za chakula. Akiru, mke wangu, husema nina lugha tano na ukweli nusu. Mwacheni, ni wivu.

Jumanne nabeba wageni watatu kutoka uwanja wa ndege. Ni Wakristo wa ng'ambo, wanazunguka dunia wakikusanya ushuhuda wa waumini wanaoteswa kwa ajili ya imani. Mchungaji Ngugi amenipa kazi zote mbili, kuendesha na kutafsiri. Angempa nani mwingine?

Jumanne, 12 Machi. Kakuma

Leo niling'ara.

Kanisa la Wanuer huku kambi ya wakimbizi ni bati juu na fito pembeni, joto la kuivisha mayai. Watu wanne walisimama kushuhudia. Watatu walilia wenyewe, kazi ikawa nyepesi. Wa nne alikuwa Gatkuoth, mrefu mpaka nikamwambia achunge asitoboe bati. Hakucheka. Aliweka mikono magotini akasema kwa Kiarabu, kama mtu anayetumwa dukani:

"Nilikuwa mtunza ufunguo wa kanisa letu pembezoni mwa Khartoum. Lilikuwa la magunia. Nchi ilipogawanyika tukaambiwa sisi sasa ni wageni. Wakaja na tingatinga, wakalivunja. Mimi wakanishika. Walitaka niweke sahihi kwenye karatasi inayosema pale hapakuwa na kanisa, palikuwa na ghala la mtama. Nikakataa. Siku kumi na moja. Halafu wakaniambia nitoke nchini. Mke wangu Nyawal na watoto wawili wamebaki huko."

Nikamuuliza, "Walikupiga?"

"Kidogo."

Hayo yote niliyatafsiri sawasawa, haki ya Mungu. Lakini mmoja wa wale wageni, mama mwenye kamera, alikuwa bado ameinama mbele, uso wake kama wa mtu aliyeonjeshwa mchuzi anasubiri nyama. Akanyoosha kidole akauliza: na hayo makovu kwenye paji la uso?

Kila mtoto aliyekulia Lokichoggio anayajua. Mistari sita kutoka sikio hadi sikio: wazee wa Kinuer huwachanja vijana wao wawe wanaume. Nayajua kama honi ya gari langu. Lakini mdomo ulifunguka ukaenda peke yake. Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri kwamba hicho ni kisu cha askari. Siku sita walimwambia amkane Yesu, siku sita akakataa, na kila siku walimchora mstari mmoja.

Mama aliweka kamera chini akalia. Wenzake nao. Mmoja alipiga magoti vumbini akamshika Gatkuoth miguu.

Gatkuoth akanigeukia. "Ya akhui, ndugu yangu, mbona wanalia?"

"Wameguswa na habari ya kanisa lako."

Akaweka mkono kifuani, akawainamia. "Waambie asante. Sikujua kuna mtu mwingine angelililia kanisa lile la magunia."

Jumatano, 13 Machi

Nimewasimulia madereva wenzangu hotelini. Mmoja chai ilimtokea puani.

Jumapili, 17 Machi

Mchungaji amehubiri juu ya mistari sita. Amenisimamisha mbele ya kanisa zima, eti huyu ndiye aliyetuletea sauti ya ndugu zetu wanaoteswa. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja jirani yangu kwenye benchi alikuwa anaomba kwa Kiturkana, "Akuj, mponye yule mtu paji lake." Nilitaka kucheka. Nikainamisha kichwa kama naomba naye.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Mbuzi walikimbilia jikoni kwa Akiru.

Jumanne, 2 Aprili. Kakuma

Nilipeleka saruji, nikapita kumsalimia Gatkuoth. Nilijiambia naenda kusalimia tu. Alinipa kile kigoda kimoja alichonacho, yeye akaketi juu ya dumu la maji la plastiki. Nyakuoth, binamu yake anayeuza chai karibu na kisima, akaleta chai na kisra, ile mikate yao myembamba.

"Kula, Epuyo," Nyakuoth akasema, "wewe ndiye ulimfanya huyu azungumze. Mwaka mzima alikuwa anatoa neno moja kwa siku kama mgao wa mafuta."

Nikala. Mwenyewe nikaanza kuchokoza, maana donda halijui kutulia. Nikamuuliza makovu yake aliyapata wapi.

Ndiyo mara ya kwanza nimeona meno yake. Akasema walikuwa vijana tisa. Walilazwa chini kwa mstari, kila mmoja ametulia kama gogo. Ukitingisha kichwa mstari unapinda, na watu watausoma woga wako mpaka siku ya kuzikwa. Baba yake alikuwa amesimama na dume la ng'ombe, jeupe lenye mabaka, zawadi yake. Tangu asubuhi hiyo hakukamua ng'ombe tena, kwa sababu kukamua ni kwa wanawake na watoto.

"Gusa," akasema, akachukua kidole changu akakipitisha. Imenyooka, yote sita, kama barabara ya mzungu.

"Epuyo, vyeti vyangu viliungua. Picha ya harusi iliungua. Hii haikuungua. Siku zile waliponiwekea kalamu mkononi nilikuwa najisemea, wewe ulilala chini ya kisu hukutikisika, utatikiswa na karatasi?"

Chai ilinishinda. Nikasema nimeacha gari juani.

Alinisindikiza mpaka mlangoni mwa gari. Akasema tarehe kumi na nane anahojiwa katika ofisi ya wakimbizi. Wakiikubali habari yake, faili la Nyawal na watoto linaunganishwa na lake na wanaweza kuletwa. "Niombee," akaniambia. Mimi!

Jumanne, 9 Aprili

Redio zote leo ni kuapishwa kwa rais. Mchungaji Ngugi ameniita ofisini kwake akiwa na furaha kuliko rais mwenyewe. Wageni wametuma kijitabu. Ukurasa wa mbele wote ni paji la uso la Gatkuoth, karibu hivi mpaka unaona jasho. Chini yake maneno makubwa ya Kiingereza: siku sita, mikato sita, hakumkana Bwana. La kanisa la magunia nimelitafuta mpaka mwisho. Limepewa nusu mstari. La karatasi ya ghala la mtama halimo.

Nikasema, "Mchungaji, kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Picha imetoka vizuri."

Alhamisi, 11 Aprili

Niandike tu, nani atasoma. Mchungaji alitia kijitabu kwenye bahasha pamoja na barua ya kumsaidia Gatkuoth katika mahojiano, akanipa nipeleke Kakuma. Nilijua kilichomo. Niliendesha kilomita mia na ishirini nikijidanganya, nikisema sasa uongo huu umepata kazi, utamletea mtu mke wake, kwa hiyo si uongo tena, ni kama msaada. Nikaikabidhi kwenye geti la ofisi ile kwa mkono wangu. Hata nilipiga mluzi.

Jumamosi, 13 Aprili

Akiru amekuta kijitabu chini ya kiti cha gari. Hajui Kiingereza lakini macho anayo.

"Mnuer huyu amefanya nini mpaka wakampiga picha kama ng'ombe wa mnada?"

Nikamwambia yote, kwa mzaha, nikiigiza yule mama anavyolia. Hakucheka. Alikuwa anapepeta mtama, akaweka ungo chini.

"Na ile michoro ya begani mwa baba yako, uliwaambia ni kuku walimdonoa?"

Baba alichanjwa bega la kulia alipomuua adui aliyekuja kuchukua ngamia wetu. Nikiwa mdogo nililala kichwa changu juu ya michoro ile. Mtu angesema ni fimbo za polisi, ningemvunja meno. Nikatoka nje kuangalia mafuta ya gari. Yalikuwa sawa.

Ijumaa, 19 Aprili

Nyakuoth amepiga simu. Bila salamu, bila ejok.

"Epuyo, picha imefika huku. Vijana wameitoa kwenye intaneti kule saiba, wameibandika mpaka kwa kinyozi. Unajua wanamwita nani? Aliyetahiriwa na polisi. Jana mzee wa rika lake alimuuliza mbele ya watu, 'Gatkuoth, kumbe uanaume wako ulipewa na askari? Basi rudi ukakamue ng'ombe.' Haendi kanisani. Hatoki ndani."

"Na mahojiano?"

"Ndiyo nakupigia. Afisa aliweka kile kijitabu mezani. Akamwambia, hapa unasema kisu siku sita, kwenye maelezo yako ya kwanza hukutaja kisu. Uongo ni upi? Alimwambia kama habari ni ya kutunga, faili litafungwa, na la Nyawal hivyo hivyo. Amepewa wiki moja, arudi Ijumaa ijayo."

Nikauliza Gatkuoth alisema nini.

"Alisema mkalimani ni mtu mwaminifu, ni wazungu walioongeza. Alikutetea, Epuyo. Aliapa."

Simu ikakatika, au niliikata.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kanisani sikwenda. Nilimtumia Mchungaji neno kwamba ninaumwa, na huo haukuwa uongo.

Jumatatu, 22 Aprili

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Laga kubwa, ule mto wa msimu wa mvua, imejaa, inabeba miti mizima. Malori ishirini yamepanga foleni. Nimerudi.

Jumanne, 23 Aprili

Laga haijashuka.

Jumatano, 24 Aprili

Haijashuka. Wazee wanashukuru Akuj kwa majani. Mwaka mzima tulikuwa tunaomba mvua hii. Mimi peke yangu Turkana nzima naomba ikome.

Simu ya Nyakuoth haipatikani. Hata ingepatikana, ningesema nini? Jambo hili halipiti kwenye simu, ni kama ng'ombe kwenye tundu la kuku.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimelala nusu ya mchana kando ya laga ndani ya gari nikihesabu wachunga mbuzi. Alasiri maji yalishuka mpaka kifuani mwa mtu. Wachunga mbuzi walianza kuvusha mifugo, wameshikana mikono mnyororo. Nikamwachia dereva mwenzangu funguo, nikavua shati nikalifunga kichwani na daftari hili ndani yake, nikaingia.

"Wee mnene!" mmoja wao akanipigia kelele. "Ukibebwa hatukufuati, tunafuata mbuzi!"

"Mbuzi wenyewe wamekonda!" nikamjibu.

Huo ndio mzaha niliobaki nao. Kiatu kimoja kilikwenda na maji. Ng'ambo nilipata lori la kuni, nikafika Kakuma na kiatu kimoja mkononi.

Ijumaa, 26 Aprili. Kakuma

Nitaandika polepole, yasipotee.

Niliketi getini tangu kufunguliwa. Gatkuoth alipofika na Nyakuoth nilisimama. Alikonda. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, yeye ambaye hakuwahi kufunika paji lake. Akaniona peku, nimejaa matope, akanishika mkono.

"Umevuka maji kwa ajili yangu, ya akhui?"

Nilimwambia askari wa getini mimi ndiye mkalimani wa siku ile, afisa atataka kuniona.

Afisa ni msichana wa Kikenya, mdogo, ana miwani na baridi ya Kiingereza. Aliniacha niketi. Kijitabu kilikuwa mezani. Akauliza makovu yale ni ya nini hasa, na nani alisema ni ya kisu cha askari. Gatkuoth akaanza kumjibu kupitia kwa mkalimani wa ofisi: "Nimeshakuambia, huyu ndugu alitafsiri vizuri, wageni ndio..."

"Ni mimi," nikasema kwa Kiswahili. "Yeye hakusema. Wageni hawakuongeza. Niliulizwa, nikatunga. Hiyo ni alama yao ya utu uzima, amepewa na wazee wake. Najua tangu utotoni."

Afisa akanigeukia. "Kwa nini nikuamini sasa? Unakuja kuniambia wewe ni mwongo, halafu unataka nichukue neno lako."

Nikaangalia matope miguuni mwangu, mimi mwenye lugha tano.

"Mwambie yeye," akasema. "Mkalimani wangu atasikiliza. Mwambie kwa lugha uliyotumia siku ile, maneno yote uliyowaambia wageni."

Nikamgeukia Gatkuoth. Nikasema kwa Kiarabu: niliwaambia ni kisu. Niliwaambia siku sita. Niliwaambia kila siku ulipokataa walikukata mstari. Kila sentensi ilikuwa fupi na kila moja ilinitoka kama mwiba unaotolewa kwa mwiba.

Hakupaza sauti. Alifungua kitambaa kichwani, akakikunja mara mbili, akakiweka magotini.

"Nilikuuliza mbona wanalia."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, uliniuliza. Malesh, samahani."

"Nikawashukuru," akasema. Halafu akaangalia ukuta.

Afisa alisukuma karatasi na kalamu. Niandike. Niliandika kwa Kiswahili, mwandiko wa darasa la sita, jasho likidondokea maneno: Mimi Epuyo nilisema uongo, Gatkuoth hakusema uongo. Nikatia sahihi. Nilipoinua macho nikamkuta Gatkuoth ameikazia ile kalamu. Hapo ndipo iliponiingia. Yeye walimfungia siku kumi na moja ili aseme uongo kuhusu kanisa lake, akakataa. Mimi niliulizwa swali moja tu, na mama mpole mwenye kamera.

Afisa alisema hawezi kuahidi. Ataandika. Tusubiri.

Nje Nyakuoth alinitukana vizuri, kwa mpangilio, mpaka watu wa foleni wakaacha kusukumana. Nilistahili na zaidi. Gatkuoth akamnyamazisha kwa mkono, akaniambia neno moja: "Utatafsiri tena."

"Wapi?"

"Huko ulikopigiwa makofi."

Jumanne, 30 Aprili. Lodwar

Mchungaji Ngugi alinisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Epuyo, watu wameomba kwa sababu ya habari ile. Ng'ambo huko wamefunga chakula. Kuna waliokuwa wamemwacha Mungu wakarudi. Sasa unataka niwaambie nini?"

"Kwamba walimvunjia kanisa lake."

"Hilo walishasikia."

"Hawakusikia, Mchungaji. Hata mimi sikusikia. Nilikuwa natafuta damu."

Akavuta karatasi mezani. Kisha akasema, "Na wageni nitawaandikia mimi." Ni mtu mzuri. Nimemchafua na yeye.

Jumapili, 5 Mei

Kibali cha Gatkuoth cha kutoka kambini hakijatoka. Hotelini madereva wanasema, "Tuletee ile ya mistari, Epuyo!" Nikawaambia ukweli wake. Wakasema siku hizi nimeharibika.

Jumapili, 12 Mei

Kibali kimetoka, siku tatu. Nilimchukua jana. Siti ya mbele niliipangusa, akaketi nyuma.

Kanisa lilijaa, wamekuja kumwona shahidi wa kisu. Nilianza mwenyewe. Nikasema mlinipigia makofi, nayarudisha, na nikaeleza kwa nini. Kukawa na mngurumo. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Sasa huyu amekuja kufanya nini?"

Gatkuoth akasimama. Alisema sentensi moja, nikaitafsiri. Akainua mkono. "Umesema nini?" Nikamrudishia kwa Kiarabu. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea. Hivyo hivyo, sentensi kwa sentensi, mbele ya kanisa zima. Mtunza ufunguo. Umesema nini? Kanisa la magunia. Umesema nini? Mdomo wangu ulitamani kuongeza hata chumvi kidogo, hata sauti ya tingatinga. Nikaubana.

Akafika kwenye makovu. Akasema haya ni ya baba yangu na wazee wangu, hakuna adui aliyeyagusa. Akafika kwenye ile karatasi. Akasema: "Walitaka tu niseme halikuwa kanisa. Lilikuwa la magunia, ni kweli, lakini tulisali humo miaka kumi na minne, na watoto wangu wawili walibatizwa humo. Ningesema ni ghala, ningewaambia wanangu walibatizwa wapi?"

Nikaitafsiri. Umesema nini? Nikamrudishia.

Hakuna aliyepiga magoti, hakuna kitambaa kilichotolewa. Yule bibi wa benchi langu alikuwa ameweka mkono shavuni, akimwangalia tu.

"Hawalii," Gatkuoth akaniambia chini chini.

"Hawalii."

"Umewaambia nini?"

"Ulichosema wewe."

Akawaangalia benchi kwa benchi mpaka mlangoni. "Basi wamesikia," akasema, akaketi.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imekwisha. Laga ni mchanga mtupu, watoto wanachimba maji pale nilipopoteza kiatu.

Gatkuoth amenipigia simu mwenyewe. Faili limefunguliwa upya. Nyawal atahojiwa kwa simu kutoka Khartoum, tarehe haijapangwa, na inaweza kuchukua mwaka. Watamtumia mkalimani wa ofisi. Nikasema ni sawa kabisa.

Halafu nikamuuliza kama amenisamehe. Laini ilikuwa safi, nilisikia mpaka mbuzi wa kwao.

"Nyawal akifika," akasema, "utamuuliza yeye."